Anza na habu: kuchagua gia za nyuma za baiskeli ya mjini

Ukimuuliza muuza baiskeli wa Dar es Salaam sifa za baiskeli ya gia, jambo la kwanza atakalokutajia ni idadi: hii ina gia 18, ile ina 21, na ile ya pembeni iliyoshuka juzi kwenye kontena ina 24. Idadi hiyo hupatikana kwa kuzidisha sproketi za mbele, yaani yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, kwa sproketi za nyuma, na kwa mtu anayetaka kwenda kazini, kupitia sokoni na kurudi nyumbani, haimwambii mengi. Chukua baiskeli ya gia 21 yenye sproketi za mbele za meno 28, 38 na 48, na nyuma sproketi saba zinazoanzia meno 14 na kuishia 28. Ya mbele ya 28 ikivuta ya nyuma ya 14, gurudumu linazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa pedeli. Ya mbele ya 48 ikivuta ya nyuma ya 24, gurudumu linazunguka mara mbili vilevile. Ukiweka 28 kwa 16, au 38 kwa 22, au 48 kwa 28, miguu yako haitatambua tofauti. Nikiyaondoa marudio ya namna hiyo, hesabu yangu inabakiwa na gia 13 hivi, na baadhi ya hizo hupatikana kwa kuikalisha cheni kimshazari, jambo linaloila cheni yenyewe na kutoa kelele muda wote.

Kwa hiyo mimi huuliza maswali mengine. Gia nyepesi kabisa ni nyepesi kiasi gani? Gia nzito kabisa ni nzito kiasi gani? Na kubwa kuliko hayo: katikati ya gurudumu la nyuma kuna habu ya aina gani, yaani kile kitovu kinachoshika spoku na kuzunguka juu ya ekseli? Swali hili la tatu ndilo linaloamua ni vipuri gani utaweza kuvifunga leo na miaka mitano ijayo, lakini ni nadra kumsikia mnunuzi akiliuliza, pengine kwa sababu habu imejificha nyuma ya sproketi na grisi.

Nianze na hesabu, maana ni fupi. Gawanya meno ya sproketi ya mbele kwa meno ya sproketi ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa tairi. Utapata umbali ambao baiskeli inasogea pedeli ikizunguka mara moja. Tairi ya inchi 26 kwa 1 3/8, ambayo imejaa kwenye baiskeli za mtumba kutoka Japani, ina mzingo wa takriban mita 2.07. Sproketi ya mbele ya meno 38 na ya nyuma ya 14 zitakusogeza mita 5.6, ukipanda hadi sproketi ya nyuma ya 28 utasogea mita 2.8, na ukiwa na sproketi ya 34, mita 2.3 tu. Linganisha na ile baiskeli nyeusi ya chuma ya gurudumu la inchi 28 tuliyoirithi kwa baba zetu, isiyo na gia. Ikiwa na meno 48 mbele na 20 nyuma, kila mzunguko wa pedeli ni mita 5.3 na ushei, uwe unateremka au unapanda, uwe umepakia gunia au huna kitu. Ndiyo maana tunawaona wenye baiskeli hizo wakishuka na kusukuma wafikapo kwenye mwinuko.

Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ni tambarare, lakini si tambarare yote. Anayetoka Kariakoo kwa Barabara ya Morogoro anashuka bonde la Msimbazi pale Jangwani, anapanda kuelekea Magomeni, na akishapita Ubungo anaanza mwinuko wa kwenda Kimara, ambao hauna ukali wa kutisha ila ni mrefu, na jua la saa nane huufanya uwe mrefu zaidi. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi, barabara hiyo ina njia ya baiskeli pembeni, hivyo mtu anaweza kupanda polepole bila kupigiwa honi mgongoni. Sharti awe na gia ya kumruhusu kwenda polepole. Kwa safari ya namna hiyo bila mzigo, naona mita 2.8 zinatosha. Mwenye keria iliyojaa au mtoto nyuma atafurahia mita 2.3. Upande wa juu, mita 5.6 ukizungusha pedeli mara 70 kwa dakika ni kilomita 23 na nusu kwa saa, mwendo ambao mjini utaufikia mara chache kabla ya taa, kivuko au bajaji iliyosimama ghafla. Sproketi ndogo ya meno 11, inayosifiwa sana madukani, itakupa mita 7.1 kwa mzunguko, nawe utaitumia kwenye mteremko tu. Isitoshe, meno machache humaanisha kila jino linabeba nguvu kubwa zaidi na kuliwa upesi. Mkazi wa Mwanza, mwenye vilima na mawe pande zote, ataisoma aya hii akitilia mkazo sproketi kubwa kuliko ninavyofanya mimi.

Sasa turudi kwenye habu. Baiskeli za gia za nje, yaani zile ambazo cheni huhama kutoka sproketi moja hadi nyingine, zina habu za namna mbili, na kwa mtazamo wa juu juu zinafanana. Ya kwanza ni habu ya friwili. Habu yenyewe ina nyuzi, kama zile za skrubu, upande wa kulia, na friwili, ambayo ni kipande kimoja chenye sproketi zote pamoja na vile vikucha vya ndani vinavyotoa mlio wa tiki-tiki unapoacha kukanyaga, hufungwa juu ya nyuzi hizo kama nati kubwa. Kipimo cha nyuzi kinachotumika karibu kila mahali ni inchi 1.37 kwa nyuzi 24 katika kila inchi, na huo ndio uzuri mkuu wa mfumo huu: friwili ya Kichina ya bei ndogo, friwili ya Shimano na friwili iliyochomolewa kwenye baiskeli ya mtumba vyote vitakaa kwenye habu ileile. Friwili ya sproketi saba ya kawaida huwa na meno 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 28. Ipo pia ile inayoishia 34, lakini hapo inaruka kutoka 24 moja kwa moja hadi 34 bila kitu katikati, na mruko huo mguu unausikia vizuri. Wapo wanaoudharau. Mimi nauona ni mpango wa busara kwa mji kama wetu: gia sita za karibu karibu za tambarare, na moja ya kupandia.

Ya pili ni habu ya kaseti. Hapa vikucha vya kukatia mwendo vimo ndani ya mwili wa habu, na mwili huo una mifereji kwa nje. Sproketi huteremshwa juu ya mifereji zikiwa zimepangwa, kisha hubanwa na nati moja nyembamba mwishoni. Sproketi zikichakaa unabadili sproketi peke yake. Mifereji ya Shimano ya sproketi 8, 9 na 10 ina urefu mmoja kwa baiskeli nyingi za mjini na za milimani, na kaseti ya sproketi saba nayo itakaa humo ukitanguliza pete ya milimita 4.5 nyuma yake. Pete hiyo ni ya bei ndogo sana, na muuzaji mara nyingi husahau kukupa. Idai kabla hujalipa, la sivyo nati ya mwisho itakaza huku kaseti bado inacheza.

Tofauti kubwa kati ya habu hizi mbili haihusu sproketi. Inahusu gololi za upande wa kulia. Kwenye habu ya friwili, gololi hizo ziko ndani, upande wa ndani wa friwili, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinabaki kinaning'inia bila kushikwa kutoka kwenye gololi hadi kwenye fremu. Friwili ya sproketi moja haina shida. Ya sproketi saba ni pana, na kila unaporuka shimo ukiwa na mzigo kwenye keria, ekseli inapindishwa palepale ilipo dhaifu. Kwenye habu ya kaseti, gololi za kulia zimesogezwa nje kabisa karibu na fremu, na ekseli imeshikwa mwisho kwa mwisho. Anayebeba uzito, awe muuza mkate, mpeleka maziwa au mzazi mwenye watoto wawili, namshauri bila kusita agharamie habu ya kaseti, hata kama atafunga juu yake sproketi za bei nafuu kuliko zote.

Namna ya kujua kama ekseli imekwisha kupinda ni hii: inua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli taratibu, na tazama gurudumu kwa nyuma. Kisha lichomoe gurudumu, uishike habu na kuzungusha ekseli kwa vidole. Ncha ikichora duara badala ya kuzunguka mahali pamoja, imepinda. Usidanganywe na friwili inayoyumba kidogo unapoacha kukanyaga, maana nyingi huyumba tangu zikiwa mpya na hazina ubaya wowote.

Kabla ya kukubali aina yoyote, hakikisha kifunguzi chake kinapatikana karibu nawe. Friwili hukazwa na miguu yako mwenyewe kila siku, na baada ya mwaka mmoja huwa imeshika kwelikweli. Zile za Shimano zina mifereji 12 kwa ndani, na kifunguzi chake huingia na kushika pande zote. Za zamani zina mianya miwili au minne tu ambayo huliwa kwa urahisi. Pasipo kifunguzi, fundi hushika patasi na nyundo, na friwili hutoka, lakini haitarudi kazini. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu spoku za upande wa kulia ndizo hukatika zaidi, na kwenye habu nyingi huwezi kupitisha spoku mpya bila kuondoa sproketi kwanza. Na kama unataka kubadili rimu, mwambie fundi afungue friwili kabla hajakata spoku hata moja. Gurudumu likiwa zima, rimu yenyewe ndiyo mpini wa kuzungushia, ilhali habu ikiwa tupu mkononi hakuna pa kushika.

Direla, yaani kile chombo kinachoning'inia chini ya sproketi za nyuma na kuihamisha cheni, huwatisha watu kuliko inavyostahili. Ina mambo mawili ya kukagua kwenye karatasi. Moja ni sproketi kubwa kuliko zote inayoweza kuifikia. La pili ni uwezo wake wa kuinyonya cheni iliyolegea: toa sproketi ndogo ya mbele kwenye kubwa ya mbele, toa ndogo ya nyuma kwenye kubwa ya nyuma, jumlisha. Ile baiskeli ya 28, 38, 48 yenye 14 hadi 28 inahitaji uwezo wa meno 34. Ukiifunga friwili ya 14 hadi 34 itahitaji 40, na direla ya mkono mfupi haitaweza. Lakini ukibakiza sproketi moja tu mbele, mahitaji yanashuka hadi 20, na karibu direla yoyote ya mjini itamudu mradi iifikie hiyo 34.

Kwenye baiskeli za mtumba nakagua zaidi sikio la fremu, kile kipande ambacho direla imefungwa. Baiskeli hizo husafiri zikiwa zimerundikwa ndani ya kontena, na sikio hupinda bila mtu kuona. Simama nyuma ya baiskeli, chutama, na uangalie kama vigurudumu viwili vya direla vimelingana na sproketi iliyo juu yake. Vikiwa vimeinamia spoku, hakuna kurekebisha waya kutakakosaidia, na siku utakapohamia sproketi kubwa direla inaweza kuingia ndani ya gurudumu linalozunguka. Sikio la chuma hunyooshwa taratibu kwa spana. La alumini linyooshwe mara moja tu, kama kuna ulazima, kisha litafutiwe la kubadilisha. Fremu zisizo na sikio kabisa hutumia direla yenye kipande chake kinachobanwa na ekseli, na hiyo inafanya kazi vizuri kuliko sura yake inavyoahidi.

Kuhusu swichi, yaani kile kifaa cha kubadilia gia kwa mkono, hapa nina msimamo ambao vijana wa klabu hawaupendi. Swichi ya kubofya hupima waya kwa hatua, na kila hatua lazima ilingane na nafasi kati ya sproketi: milimita 5 kwa sproketi saba, 4.8 kwa nane, na hupungua kadiri idadi inavyoongezeka. Ikilingana ni raha tupu. Lakini kwenye soko ambalo leo unapata friwili ya sproketi sita, kesho ya saba, na direla ya kampuni nyingine kabisa, mkono wa kizamani usio na hatua, unaousukuma hadi cheni itulie, hukubali kila kitu na hauhitaji marekebisho waya unapolegea. Mtu huuzoea ndani ya wiki moja.

Zipo pia gia za ndani ya habu, na ajabu ni kwamba zimetuzunguka bila sisi kuzithamini. Sturmey-Archer ya Nottingham, Uingereza, ilitoa habu yake maarufu ya gia tatu, AW, mwaka 1936, na hadi leo muundo wake unatengenezwa, sasa chini ya wamiliki wa Taiwani. Baiskeli nyingi za akina mama za Japani huja na Nexus ya gia tatu ya Shimano. Ndani ya habu hiyo kuna gia ya katikati na vigia vidogo vinavyoizunguka. Gia ya pili hupita moja kwa moja, ya kwanza hupunguza mwendo hadi 0.733, na ya tatu huuongeza hadi 1.364. Watu huzicheka kwa kuwa ni tatu tu. Hebu tupige hesabu: sproketi ya mbele ya 38 na ya nyuma ya 19 zitakupa mita 3.0, 4.1 na 5.6. Zile friwili za sproketi saba, 14 hadi 28, zilitupa kuanzia 2.8 hadi 5.6. Uwanda ni karibu uleule; kilichopungua ni vituo vya katikati, ambavyo mwendesha baiskeli wa mjini huviruka.

Na ukiona gia ya kwanza bado ni nzito, usiiuze baiskeli. Sproketi ya habu hizo hushikwa na waya mmoja wa duara unaotoka kwa bisibisi, na sproketi zenye masikio matatu za Shimano na za Sturmey-Archer hubadilishana. Kutoka meno 19 kwenda 22 kunashusha gia ya kwanza hadi mita 2.6. Faida nyingine ni kwamba unabadili gia ukiwa umesimama kwenye taa, cheni haipindi kamwe, na mchanga wa pwani hauna pa kuingilia kirahisi. Hasara zake ni tatu: fundi wa mtaani hapendi kuifungua, uzito wake unausikia unapobeba baiskeli ngazini, na kuchomoa gurudumu kunataka spana ya 15, subira, na kumbukumbu ya zile pete mbili zenye masikio zinazozuia ekseli isizunguke. Baiskeli nyingi za mtumba zimepoteza pete hizo mikononi mwa watu wenye haraka, na habu isiyo nazo huvuruga waya wake yenyewe. Ukiwa na AW, hakikisha waya umekazwa sawasawa, kwa kuwa kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali ambapo pedeli huzunguka bure, na kwa aliyesimama juu ya pedeli hilo ni anguko.

Cheni niitaje kwa ufupi. Ya sproketi 6, 7 au 8 ni ileile na inapatikana kila mahali. Ya 9 na kuendelea ni nyembamba na ghali. Pima kwa rula ya inchi: pini 24 kutoka pini ya kuanzia ziwe inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya 16, badili cheni. Ikizidi kwa sehemu moja ya 8, sproketi nazo zimekwisha, na cheni mpya juu yake itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Oili chafu ya injini, ambayo mafundi wengi huipaka kwa ukarimu, imejaa chembe za chuma na huvuta vumbi. Tone dogo la oili safi kwa kila pini, kisha kitambaa kikavu, vinatosha.

Baiskeli ninayoitumia mwenyewe ina sproketi moja mbele, meno 38, habu ya kaseti, sproketi nane za meno 11 hadi 34 na mkono usio na hatua. Ile 11 siihitaji, ila ilikuja na kaseti. Mtu wa Kigamboni au wa Kariakoo asiyevuka Ubungo ningempa Nexus ya gia tatu bila kufikiri mara mbili, na mwenye bajeti ndogo kabisa ningempa friwili ya 14 hadi 34, mradi asibebe abiria.

Lolote utakalochagua, cheni ikatwe mwisho, vipuri vyote vikiwa vimefungwa. Kwa baiskeli ya direla, izungushe kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye direla, ongeza pingili mbili pale ncha zinapokutana, na hapo ndipo ukate.